Programu ya Kulinda Miti Kwenye Eneo la Ujenzi: Ipi Ununue?

Malalamiko ya wanunuzi wa programu za kuchora miti na eneo la mizizi yake kwenye ramani ni yale yale: ramani imependeza, uzio umesimama, kisha mtaro unachimbwa na mizizi minene inakatwa palepale ramani iliposema pako salama. Wengi hulaumu hesabu ya eneo la mizizi. Hesabu haina kosa. Kiwango cha Uingereza, BS 5837 cha 2012, kinataka kipenyo cha shina, kikipimwa mita 1.5 kutoka ardhini, kizidishwe kwa 12 ili upate nusukipenyo cha eneo la mizizi, kisichozidi mita 15. Shina la sentimita 60 linapewa mita 7.2. Programu yoyote ya kazi hii inajua hilo, kwa hiyo muuzaji anayejisifia hesabu mpite.

Muulize hivi: nukta inayoonyesha mti kwenye ramani imekosea kwa mita ngapi, na programu yako inaniambia? GPS ya simu hukosea mita 3 hadi 5 mahali pa wazi, na chini ya majani mazito huzidi hapo. Toa 5 kwenye 7.2 uone uzio umebaki wapi.

Ya kwanza ni QField, programu ya kupimia uwanjani, ikiwa na QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, wala sifichi upendeleo. Inafanya kazi bila intaneti, inapokea antena ya nje ya GPS kwa Bluetooth, inachukua wastani wa vipimo vingi, na kiwango cha kosa cha kila nukta unaweza kukihifadhi kwenye jedwali. Angalizo: kabla ya kuchora duara la eneo la mizizi, hamia mfumo wa viwianishi (namba za mahali kwenye ramani) unaotumia mita. Ukibaki kwenye latitudo na longitudo, 7.2 itasomwa kama nyuzi, na duara litameza nchi jirani.

Ya pili ni ArcGIS Field Maps. Nayo hukataa nukta isiyofikia usahihi ulioweka, ila leseni ni ya kila mtumiaji. KeyTREE inaifaa ofisi inayoshinda ndani ya AutoCAD, programu ya michoro ya ujenzi, na yenye mpima ardhi wake. Programu za simu za kubandika alama tu? Achana nazo.

Kinachokera ni wauzaji wanaoficha bei nyuma ya kitufe cha "wasiliana nasi", halafu wanakuuzia kipengele cha kutoa faili za DXF, yaani za michoro ya kompyuta, kama nyongeza. Bila hizo msanifu hapokei kitu!

Dai muda wa majaribio. Pima mti mmoja kwa futi kamba kutoka pembe mbili za jengo lililopo kwenye ramani, ulinganishe na nukta ya programu. Tofauti ikizidi nusu mita, usilipe kabla hawajakuonyesha antena inayoirekebisha.