Migongano ya spraiti katika Pygame: uzoefu wangu

Nimeitumia Pygame, maktaba huru (msimbo ulioandikwa tayari) ya lugha ya programu ya Python, kutengeneza mchezo wa kompyuta wa bodaboda inayokwepa teksi na mashimo ya barabara za Kampala, na kazi iliyonishughulisha kuliko zote ilikuwa kuamua ni wakati gani spraiti mbili, yaani picha za vitu vya mchezo, zihesabiwe kuwa zimegongana.

Nilianza na mstatili unaoizunguka picha ya spraiti, ambao ndio Pygame huutumia usipochagua njia nyingine. Ni mwepesi na unazifaa teksi, kwa kuwa umbo lake linakaribia boksi. Bodaboda haikufaa. Picha yake ilikuwa ya pikseli 64 kwa 64, na pikipiki ilipolala nyuzi 45 kwenye kona, mstatili ulipanuka hadi takriban pikseli 90 kila upande, huku pembe zake zikiwa tupu. Mpwa wangu, aliyekuwa akiujaribu mchezo, alilalamika, "Mjomba, ile teksi haikunigusa!" Alisema kweli.

Mashimo niliyapa duara. Usipotaja nusukipenyo, Pygame huchukua duara linaloufunika mstatili mzima, hivyo shimo la pikseli 48 lilipata nusukipenyo cha takriban 34 badala ya 24, na wachezaji wakaanguka kabla ya kulifikia.

Bodaboda yenyewe niliipa maski, yaani ramani inayoonyesha ni pikseli zipi za picha zina rangi na zipi ni uwazi. Ningependa kila anayeanza ajue mapema kwamba spraiti isiyohifadhiwa maski yake hutengenezewa mpya katika kila ukaguzi, jambo lililoifanya kompyuta yangu ya zamani ikwamekwame. Niliandaa maski za pembe zote mara moja mchezo unapofunguka, kisha nikauacha mstatili uchuje kwanza ili maski ikague zilizosalia tu, na mchezo ukarudi kwenda vizuri. Kivuli hafifu chini ya pikipiki hakikuleta usumbufu, kwani maski kwa kawaida huhesabu pikseli ambazo kiwango chake cha kuonekana kinazidi 127 kati ya 255.

Kasoro ninayoiona ni kwamba njia zote tatu hutazama mahali spraiti zilipo katika fremu ile tu, yaani picha moja kati ya zile zinazofuatana haraka kwenye skrini. Jiwe la pikseli 6, likisogea pikseli 40 kwa fremu, lilipita ukingo wa pikseli 12 bila kuugonga. Nililitatua kwa mstari unaotoka jiwe lilipokuwa hadi lilipofika, nikiuliza kama unaukata mstatili wa ukingo, na Pygame 2 inayo amri ya kazi hiyo.