Mabasi ya bure ya makasino Macau: nayapenda, ila yule jamaa wa kamba simsamehe

Mi huwa siandiki maoni ya huduma yoyote, nikikwazika nasonya naendelea na safari, lakini hili la mabasi ya bure kule Macau, ule mji wa makasino ubavuni mwa China, limenikaa kooni muda sasa, maana kila anayepanga kupita huko naskia anaambiwa usihangaike na nauli, panda ya makasino. Kweli, panda. Ila nisikilize kwanza.

Nianze na haki yao kabla hasira haijanipanda. Tulikuwa tunatokea Guangzhou, shangazi kashamaliza kununua mzigo wake akasema harudi nyumbani bila kuiona hiyo Macau, tukachukua treni mpaka Zhuhai, stesheni iko ubavuni mwa mpaka wa Gongbei, unavuka kwa miguu yako mwenyewe umeshaingia. Hapo angalia viza, yaani Macau ni China lakini ukivuka wanahesabu umetoka China, kama viza yako ni ya kuingia mara moja basi kurudi ndo imekula kwako. Upande wa pili wanakupa kikaratasi badala ya kukugongea muhuri, halafu nje mabasi yamejipanga, makubwa, kiyoyozi cha kugandisha, kila moja na hoteli yake, hakuna anayekuuliza umelala wapi wala una shilingi ngapi. Siku ya kwanza shangazi alishika noti mkononi njia nzima akimsubiri konda.

Siku tatu hatukulipa nauli zaidi ya mara mbili. Akili yake ni kwamba hauendi unakotaka, unaenda kasino iliyo karibu na unakotaka halafu unamalizia na miguu. Mfano lile gofu la kanisa la St. Paul's, ule ukuta wa mbele uliobaki baada ya moto wa mwaka 1835, hakuna kasino pale, kwa hiyo unapanda basi la hoteli yoyote ya mjini, unashuka, unakatiza uwanja wa Largo do Senado penye yale mawe meusi na meupe yaliyopangwa kama mawimbi, unakwea. Cotai ndo raha zaidi, eneo lile lilikuwa bahari wakafukia kati ya visiwa vya Taipa na Coloane wakajaza mahoteli, unaruka toka basi hili mpaka lile, asubuhi uko kwenye mifereji ya Venice ya kuigiza, mchana uko chini ya mnara wa Eiffel wa kuigiza. Kijiji cha Coloane tu ndo tulipanda basi la umma, 26A, pataka 6 (hela ya kwao) kwa kichwa, na uwe na hela kamili maana unatumbukiza kwenye sanduku na chenji hakuna.

Kwamba wanakubeba bure kwa sababu wanakupenda, hapana. Kila basi linakushusha mahali ambapo ili utoke lazima uzunguke kwanza humo ndani, maduka, mazulia, mwanga usiojua mchana wala usiku. Hilo sikulichukia, biashara ni biashara, na sisi hatukuacha hata senti mezani kwao.

Sasa usiku wa mwisho. Hoteli siitaji, iko Cotai. Tulikuwa tunarudi mpakani kulala Zhuhai, na mpaka wa Gongbei unafungwa saa saba usiku, shangazi kaanza kunihimiza tangu saa tatu. Foleni ilikuwa ndefu, inajikunja kama utumbo. Mbele kuna jamaa kavaa koti zuri, mkononi ana kile kidude cha kuhesabia watu, anabonyeza kila anayepita, tik, tik, tik, hakuangalii usoni, anaangalia mabega. Shangazi kapita, tik. Mi nainua mguu, jamaa kavuta kamba kaifunga mbele ya tumbo langu.

Nikadhani utani. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, yule ni shangazi yangu, tuko pamoja. Kainua kiganja. Nikamwambia shangazi hajui Kichina wala Kiingereza, na pasipoti yangu iko kwenye mkoba wake! Maana shangazi ana tabia hiyo, safarini pasipoti za wote zinakaa kwake, na kile kikaratasi cha mpakani kiko humohumo ndani. Jamaa kasema "next bus". Nikasema basi mshushe yeye, tupande wote linalofuata. "Next bus." Nikamwonyesha dirishani, shangazi kashika kioo kwa viganja viwili, mdomo unakwenda lakini sauti haitoki. Jamaa hata kichwa hakugeuza. Kabonyeza kile kidude chake mara moja, tik, sijui alikuwa anamhesabu nani, na basi likaondoka.

We fikiria. Sina pasipoti, simu yangu inashika mtandao wa hoteli tu, ya shangazi bila mtandao ni kioo cha kujiangalia. Nikasema nitafute teksi niliwahi basi. Teksi ziko upande wa pili wa jengo, njia fupi inapita katikati ya meza za kamari, mlinzi kanisimamisha, pasipoti. Huyo simlaumu, sheria yao chini ya miaka 21 huingii kwenye kamari, na mimi sura yangu imekataa kukua. Lakini pasipoti ndo hiyo inaelekea mpakani kwenye kiti cha dirishani! Nikazunguka kwa nje ya maduka, nikapotea mara mbili, nikatokea palepale kwenye foleni nilipoanzia. Natweta, jasho, na jamaa wa kamba kanitazama kwa mara ya kwanza, akacheka. Sio tabasamu. Alicheka.

Pale ndo nilipoapa kwamba huduma hii ni ya kishenzi na cha bure kweli kina gharama zake, na ningekuwa na Kichina angenitambua. Nyota moja, na hiyo moja ni ya kiyoyozi.

Basi lililofuata limekuja baada ya kama dakika ishirini hivi, mimi naona masaa. Na unajua tulipanda wangapi? Tisa. Basi zima watu tisa! Kamba ya nini sasa? Kidude cha nini? Najua, najua, viti vikijaa vimejaa na hawabebi watu wa kusimama, la kwanza pengine lilikuwa limejaa kweli, sikuingia kuhesabu. Lakini mtu ana macho. Unaona mama mtu mzima analia dirishani, wewe unabonyeza tik.

Nashuka mpakani roho iko mkononi. Nimejiandaa kumkuta yuko na polisi, au hayupo kabisa. Shangazi kakaa kwenye begi lake, mgongo ukutani, miguu kainyoosha, viatu kavivua kavipanga pembeni, anamwangalia mtoto wa Kichina anayecheza.

"Mbona umechelewa?"

Nikamweleza yote, kamba, mlinzi, kicheko. Kanisikiliza vizuri tu, halafu akasema yeye dereva alimuona anahangaika akamsogeza kiti cha mbele, akampa tishu afute machozi, na kufika akashuka kabisa kumshushia begi na kumwonyesha kwa kidole kwenye saa: dakika ishirini, kaa hapa. "Yule kijana ana adabu," akasema. "Na gari haina kelele. Safari nyingine tupande tena hiyohiyo."

Sasa niandike nini mimi? Nimekuja hapa nimwage hasira, na mlalamikaji namba moja kagoma kulalamika. Basi nyota tatu. Nne za dereva toa moja ya jamaa wa kamba. Hapana, toa mbili, nikikumbuka kile kicheko damu inachemka mpaka leo. Ila nikienda tena nitapanda, nisidanganye, teksi na foleni zake zinanishinda. Pasipoti tu ndo haitakaa tena kwenye mkoba wa mtu.

Tulivuka mpaka dakika za majeruhi, mimi nimenuna. Upande wa pili shangazi kafungua mkoba, nikajua anataka pasipoti azihifadhi tena, kumbe ndani kuna chupa ndogo nne za maji zina nembo ya hoteli ileile, alizikusanya mchana kwenye meza za wacheza kamari mimi nikiwa chooni.

"Kunywa upoe," akasema. "Haya nayo ya bure."

Nikanywa.