Mnyonga baiskeli wa Tabora na Toyota IST ya mkononi: uzoefu wangu

Baiskeli sijaiuza. Naanza na hilo kwa sababu kila anayesikia mwalimu kanunua gari anauliza baiskeli inauzwa bei gani. Shuleni naenda nayo, sokoni naenda nayo, na kwa safari za humu mjini, iwe Isevya, Ng'ambo, Kanyenye au Kiloleni, sioni gari linanisaidia nini. Tabora ni tambarare, barabara nyingi za zamani zina miembe pembeni, na ukinyonga taratibu unafika shati likiwa bado kavu. Gari nililochukua ni Toyota IST ya mwaka 2004, injini ya 1.3, namba C, kwa ajili ya kazi ambazo baiskeli ilikuwa inashindwa. Nitalisifia au kulisema kwa kazi hizo tu.

Kazi zenyewe ni mbili. Mama yangu anaishi Sikonge, kilomita sabini na kitu kutoka hapa, na kliniki yake ya presha iko hospitali ya Kitete, hapa Tabora mjini. Lami ipo, basi lipo, lakini basi linamshusha stendi na kutoka pale ni bodaboda. Mama wa umri ule kwenye bodaboda sikubali. Kazi ya pili ni asali. Nina mizinga upande huohuo wa Sikonge, na asali ni nzito kuliko maji: ndoo ya lita 20 ikijaa inakaribia kilo 28. Ndoo mbili kwenye keria nimebeba sana, na wazee wetu wamebeba mizigo mizito zaidi kwenye Phoenix zao, ila kurudi mjini na kilo hamsini na kitu mgongoni mwa baiskeli, kwenye jua la Oktoba, halafu kesho yake uingie kipindi cha kwanza, hapana.

Bajeti yangu ilikuwa milioni 10 yote kwa yote. Nasisitiza yote kwa yote, maana wengi wanatafuta gari la milioni 10 wakiwa na milioni 10, wakishalipa hawana hata hela ya kubadilisha oili. Mimi nilitenga milioni 1 na nusu kabla sijaanza kutafuta. Gari lenyewe lilitakiwa liishie milioni 8 na nusu. Kuagiza Japani nilikuacha mapema: gari likishazidi miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu, na ukijumlisha na kodi nyingine unakuta umelipia TRA gari la pili. Nikabaki na za mkononi.

Madalali wa magari wana maneno yao, ukishayasikia mara moja umeyasikia yote. "Mwalimu, hili ni kuwasha na kuondoka." "Lilikuwa la mama mmoja, la kwendea kazini tu." "Mwenyewe ana shida ya haraka, ndiyo maana kashusha." Sikatai kwamba wapo madalali waungwana, hata hili nililonalo nililipata kwa dalali. Ila niliamua kwamba sitaangalia gari lolote bila fundi, na fundi nimlipe mimi, asilipwe na muuzaji. Fundi wangu wa baiskeli ndiye aliyeniunganisha na mdogo wake mwenye gereji, kijana mtaratibu asiyependa kuongea.

Gari la kwanza kwenda kuliangalia ilikuwa Vitz kwenye yadi moja. Rangi inang'aa, viti vimeoshwa, dashibodi inasoma kilomita 86,000. Mimi macho yalienda kwenye pedeli. Mtu wa baiskeli hata asipotaka ataangalia pedeli. Mpira wa pedeli ya breki ulikuwa umelika hadi chuma kinaonekana upande wa kulia, na usukani ulikuwa laini kama kijiko pale mkono unaposhika. Kilomita 86,000 hazili mpira hivyo. Fundi akafungua mlango wa dereva, akainama, akaniita.

"Mwalimu, njoo usome hapa."

Kwenye fremu ya mlango kulikuwa na stika ndogo iliyobanduka pembe moja, maandishi ya Kijapani, ya gereji iliyobadilisha oili hukohuko kabla gari halijapanda meli. Herufi sikuzijua, tarakimu nilizijua: 24, na chini yake 112,000. Fundi akanieleza kwamba Wajapani wengi huandika mwaka kwa kuhesabu utawala wa mfalme wao, na 24 ya utawala ule ulioanza 1989 ni mwaka 2012. Kwa hiyo mwaka 2012, likiwa bado Japani, gari lilishatembea 112,000, likaja kutembea Tanzania miaka yote hiyo, leo linasoma 86,000. Kijana wa yadi alipoulizwa akasema labda mlango ulibadilishwa. Tukamshukuru kwa muda wake.

Tangu siku ile stika ndiyo kitu cha kwanza ninachotafuta: fremu ya mlango, chini ya boneti, wakati mwingine karibu na chujio la hewa. Wanaorudisha kilomita nyuma wanasahau kuzibandua.

Kwa nini IST na siyo Vitz au Passo? Vitz ya 1.0 inatosha kabisa kwa mtu mmoja wa mjini. Ukipakia mama, mke, watoto na ndoo nne za asali, yaani kilo mia na zaidi kwenye buti peke yake, injini ya cc 997 inalalamika. Passo ya 1.0 ina silinda tatu, inakunywa kidogo, lakini ina ile mitetemo ikiwa imesimama ambayo mama yangu angeuliza gari linaumwa nini. Probox ilinivutia kwa mzigo, ila nzuri zote zilikuwa juu ya bajeti, na za bei yangu zilishabeba magunia mpaka mgongo umekata tamaa. IST ya 1.3 inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, gia boksi yake ni otomatiki ya kawaida ya gia nne, na hakuna duka la spea Tabora ambalo halina bushi zake, ile mipira ya maungio ya chini ya gari. Kwangu hili la mwisho lilikuwa na uzito kuliko yote. Baiskeli yangu ya gia ni mtumba wa Kijapani, na nimeshawahi kusubiri kipuri chake kutoka Dar hadi nikaanza kutembea kwa miguu. Sitaki tena chombo ambacho spea zake zinakuja kwa basi.

IST nililonunua lilikuwa la mtumishi mwenzetu aliyehamishwa mkoa. Tulifika asubuhi na mapema bila kumpigia kwamba tumekaribia. Fundi akaweka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kuisha. Ilikuwa baridi. Maana yake haikupashwa moto kuficha jambo, na ingewaka kama itakavyokuwa inawaka kwangu kila asubuhi. Ikawaka mara moja, bila moshi wa bluu, dalili ya injini kuunguza oili. Akafungua kifuniko cha oili akaangalia chini yake kama kuna utando mweupe unaofanana na maziwa, dalili ya maji kuingia kwenye oili. Hakuna. Akanikalisha kiti cha dereva, mguu kwenye breki, nihamishe gia kutoka P kwenda R, R kwenda D, taratibu. Gia boksi iliyochoka inashtua gari kwa kishindo. Hii ilisogea kidogo tu.

Barabarani ndipo kasoro zilipojitokeza. Ukipita tuta mbele inagonga, ko ko ko, upande wa kushoto. Fundi akasema linki za stabilaiza na bushi za lowa amu, yaani vipuri vya chini vinavyoshikilia tairi za mbele. Tairi nazo zilikuwa na kashata nzuri, ungedhani mpya, lakini pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Zilisoma 3114. Mpira wa 2014 umeshakauka hata kama haujalika, na kwa joto la huku sikutaka kujaribu bahati yangu kwenye barabara ya Sikonge nikiwa na mama. Kwa kasoro hizo mwenye gari alipunguza laki tano. Aliitaka milioni 8 na nusu, tukamalizana kwa 8.

Karatasi usizifanyie haraka. Namba ya chesesi kwenye kadi ilingane na iliyogongwa kwenye gari (ya IST hii inaanza na NCP60), jina kwenye kadi liwe la huyo aliyesimama mbele yako na kitambulisho chake, na rangi pia iangaliwe, kwani gari lililobadilishwa rangi bila kadi kubadilishwa litakusumbua. Angalia deni la faini kwenye mfumo wa polisi na deni la maegesho, maana deni linafuata namba ya gari na wewe ndiye utakayesimamishwa. Sisi tulikuta faini mbili za 30,000, mwenye gari akazilipa palepale kwa simu. Mkataba kwa wakili, hela kupitia benki, kisha TRA kuhamisha umiliki, wote wawili mkiwa na TIN, namba ya mlipakodi. Bima ndogo nililipa 118,000 kwa mwaka. Ile leseni ya barabara ya kila mwaka iliyokuwa inawatesa watu ilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo anayekuambia kuna "rodi laisensi" ya kulipia anataka soda.

Sasa matumizi. Barabara ya Sikonge, mwendo wa 80, kiyoyozi kimezimwa, napata kilomita 14 hadi 15 kwa lita. Kwenda na kurudi ni lita kumi hivi, na petroli ilipokuwa ikicheza kwenye 3,000 hiyo ilikuwa elfu thelathini. Nikiwa peke yangu basi ni nafuu na nalipanda bila aibu. Tukiwa watatu na ndoo za asali, gari linashinda. Humu mjini kwa safari fupi, injini haijapata hata joto, linashuka hadi kilomita 10 kwa lita, ndiyo maana mjini nanyonga. Mke wangu aliniuliza, "Baba Neema, gari tumenunua ili liote jua uani?" Nikamwambia likiota jua halinywi mafuta. Hakufurahi sana na jibu hilo, na siku za mvua za masika ana haki, ndiyo ananipeleka yeye.

Yaliyonikera: nguzo ya kioo cha mbele ni nene, na mwendesha baiskeli anaweza kujificha nyuma yake mzima mzima kwenye kona. Mimi najua kumtafuta kwa sababu nimekuwa yeye; dereva mwingine sidhani. Spidi iko katikati ya dashibodi badala ya mbele ya dereva, inachukua muda kuizoea. Ukipakia ndoo nne buti linakaa chini na kwenye matuta makubwa ya vijijini silensa inagusa, hivyo ndoo mbili nazihamishia miguuni mwa viti vya nyuma. Kilichonifurahisha kuliko nilivyotegemea ni viti vya nyuma kulala: natoa tairi ya mbele ya baiskeli, inaingia nzima. Nampeleka mama kwao, naacha gari kivulini, na kwenda kwenye mizinga ndani ya miombo nanyonga, maana njia ile ya mchanga IST haiwezi na haitaweza.

Bushi, linki, tairi nne, oili ya injini na ya gia boksi, plagi na chujio vilikula karibu yote ile milioni 1 na nusu pamoja na karatasi. Baada ya hapo limenidai betri tu. Mwenzangu shuleni ana milioni 6 anataka IST ya bei hiyo. Nimemwambia achukue Starlet iliyotunzwa, au asubiri. IST ya milioni 6 zipo, nimeziona mbili, na zote fundi alikataa hata kuziwasha.