Tofali za kufungamana za udongo na saruji: maoni yangu baada ya kujengea nyumba Morogoro

Wadau naona kila siku mtu anauliza kuhusu hizi tofali za kufungamana, wengine mnaziita intaloki, kama kweli zinafaa au ni maneno tu ya mafundi. Mimi nimejengea nyumba ya vyumba vitatu huku Mkundi, niliita vijana wenye mashine ya mkono wakaja kufyatulia hapohapo saiti, na jibu langu ni kwamba zinafaa sana, ila ujue unafuu wake uko wapi maana hapo ndo watu wengi wanapigwa.

Usilinganishe bei tofali kwa tofali. Tofali hizi ni ndogo, sm 30 kwa 15 kwa 10, kwahiyo mita moja ya mraba ya ukuta inakula kama 33, wakati bloku za inchi 6 zinaingia kama 10 tu. Mtu akikutajia bei ya tofali moja utaona chee, piga hesabu ya ukuta mzima. Pesa unaiokoa kwingine: hakuna mota katikati, yaani ule mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kuunganishia, tofali zina ulimi na mfereji zinakaliana zenyewe, ni kozi ya kwanza tu, yaani mstari wa kwanza wa tofali, inalala kwenye mota na hiyo ndo lazima ipigwe leveli kwelikweli maana ikienda upande huna mota ya kurekebishia huko juu. Nje hupigi lipu. Na udongo hununui ukiwa nao, sisi tulianza na ule uliotoka kwenye shimo la choo. Mfuko mmoja wa saruji ulikuwa unatoa kama tofali 70 hivi.

Sasa udongo ndo kila kitu aisee. Ule wa juu mweusi wenye mizizi unatolewa wote, unachukua wa chini yake. Weka kwenye chupa ya kioo mpaka nusu, jaza maji, tia chumvi kidogo, tikisa, acha utulie mpaka kesho yake: mchanga unakaa chini, udongo wa mfinyanzi unakaa juu, unaona kwa macho yako mwenyewe umebeba nini. Mchanga unatakiwa uwe mwingi, mfinyanzi kidogo tu wa kushika, ukizidi tofali zinapasuka zikikauka. Kipimo cha maji nilikipenda zaidi, kijana anafinya donge mkononi, analiachia toka usawa wa bega, likivunjika vipande vichache basi uko sawa, likisambaratika ongeza maji, likibaki donge umezidisha. Ndo anajaza mashine, wanavuta mpini wawili, tofali inatoka mbichi ila imeshaiva umbo, kona kali kabisa.

Kilichoniudhi ni uangalizi baada ya kufyatua. Hao vijana mzigo wa kwanza waliuanika juani wakaondoka zao, kesho yake ukipitisha kidole kwenye kona inapukutika. Saruji inahitaji maji ili ishike, sio jua. Zinatakiwa kivulini, zifunikwe nailoni, zimwagiliwe angalau siku 7, halafu zikae mpaka siku 28 ndo zimekomaa. Niliwaambia warudie kwa gharama yao na walirudia, na toka hapo nikaweka mtu wa kushika ndoo asubuhi na jioni. Kama hukai saiti weka mtu unayemwamini.

Na hapa niseme kitu kinachoniuma. Ukipita barabara za huku kwetu unaona matanuri ya tofali za kuchoma, na kuni zake ni miti mikubwa, mpaka miembe ambayo wazee wetu walipanda inaingia kwenye tanuri, halafu tunalalamika mito inakauka. Saruji nayo sio malaika, inachomwa kwenye joto la nyuzi kama 1450, na viwanda vya saruji duniani vinatoa karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotokana na binadamu. Tofali hizi hazichomwi kabisa, na saruji yake ni kidogo, kwahiyo kwangu hiyo peke yake ilitosha kuamua.

Udhaifu upo. Mvua inayoruka toka chini inakula kozi za mwanzo kama huna msingi wa kupanda juu na paa lenye kutoka vizuri nje. Fundi umeme mwambie mapema apitishe mabomba wakati ukuta unapanda, kuja kuzitindua baadae unaziua. Maliwato nimepiga lipu na vigae kama kawaida. Na kuna watu wanajenga nazo halafu wanafunika ukuta wote lipu nje wasionekane wana nyumba ya udongo, jamani hapo umeshatupa pesa yako yote uliyookoa, huo ukuta ulivyo ni mzuri, upake tu dawa ya kuzuia maji basi.

Kama uko Kigamboni kwenye mchanga mtupu na udongo itabidi ubebewe na lori toka mbali, piga hesabu upya, inaweza isikulipe. Ila kwa huku Moro, Dodoma, Singida, kwenye udongo mwekundu, mimi nasema chukua. Wakala wa utafiti wa nyumba, NHBRA, pale Mwenge Dar ndo walikuwa wanafundisha na walikuwa na mashine, ila popote utakapoenda uliza kuhusu kupima udongo wako kabla hujalipa mtu yeyote advansi.