Mshauri wa fedha wa pale Posta, Dar: nimemuuliza nani anamlipa, akafunga faili

Kijana wa watu ananiita "dada yangu" kila baada ya maneno matatu, lakini swali la "wewe unalipwa na nani?" nimemuuliza mara tatu na halikujibiwa hata mara moja. Mara ya tatu akafunga faili: "Dada yangu, mtu mwenye nia haulizi maswali yote hayo." Nia ninayo. Laki mbili ya kila mwezi ninayo. Ndiyo maana nauliza!

Swali lenyewe si la uchokozi. Hapa Dar kila mtu anajiita mshauri wa fedha: wakala wa bima, afisa wa benki, dalali wa hisa, hadi mtu wa kundi la WhatsApp anayeahidi asilimia 10 kwa mwezi (huyo mkimbie). Kazi zao ni tofauti kabisa. Wakala wa bima anaiwakilisha kampuni yake na anasimamiwa na TIRA, mamlaka ya bima. Dalali wa hisa na mshauri wa uwekezaji wanapewa leseni na CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji, na leseni ya mshauri si ile ya dalali. Kwa hiyo omba jina kamili, aina ya leseni na tarehe inapoisha, kisha litafute jina kwenye orodha ya mamlaka husika kabla hujasaini chochote. Jina la kampuni kuwepo halitoshi. Uliza na la huyo aliyekaa mbele yako.

Huyu wangu kadi yake imeandikwa mshauri wa mipango ya fedha. Kumbe ni wakala wa bima, na alikuwa na jibu moja kwa kila hitaji: bima ya maisha yenye akiba, miaka 15. Hakuniuliza nina deni gani, NSSF yangu ikoje, nacheza kikoba wapi, wala nani ananitegemea. Mshauri asiyeuliza hayo anapanga nini?

Sasa jedwali la mkataba wenyewe. Karatasi ya mwisho ina safu ya thamani ya kuvunja mkataba, yaani unachorudishiwa ukiacha njiani, na alikuwa ameweka kikokotoo juu yake. Nikakisogeza. Mwaka wa kwanza sifuri, wa pili sifuri, wa tatu milioni 2.1, wakati kwa miaka hiyo mitatu ningekuwa nimeshalipa milioni 7.2. Sababu yake inajulikana kwa aliye kwenye kazi hii: michango ya mwanzo ndiyo inayobeba kamisheni ya muuzaji na gharama za kufungua mkataba. Kazi ikikatika mwaka wa pili, umeondoka mikono mitupu.

Na ile "faida" ya milioni 45 mwishoni? Laki mbili mara miezi 180 ni milioni 36 zako mwenyewe. Ukipiga hesabu vizuri, ukuaji ni kama asilimia 3 kwa mwaka. Hatifungani za serikali (unaikopesha serikali) za miaka 20 na 25 zimekuwa zikitoa kuponi, yaani riba, ya zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka miaka ya karibuni, na kuponi inaingia kila baada ya miezi sita. Kima cha chini cha kununua ni milioni moja, kwa hiyo mwenye laki mbili anakusanya kwanza kwenye vipande vya Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS (mfuko wa uwekezaji wa pamoja, unanunua sehemu zake na kuziuza ukihitaji pesa), miezi mitano ikitimia anaweka zabuni ya hatifungani kupitia benki au dalali. Shida ya hatifungani nayo ipo: ukihitaji pesa mapema unaiuza Soko la Hisa kwa bei ya siku hiyo, na inaweza kuwa chini ya uliyonunulia. Kwa hiyo pesa ya dharura ibaki kwenye vipande. Nilitegemea mshauri ndiye aniambie haya, si mimi nimwambie yeye.

Nisimwonee, bidhaa yake ni halali. Mwenye watoto wadogo akifariki mwaka wa pili, familia inalipwa, jambo ambalo vipande na hatifungani haviwezi. Ingawa kinga hiyo unaweza kuinunua peke yake, bima ya maisha ya muda maalumu bila akiba, kwa mchango mdogo zaidi. Na wapo ambao pesa isipofungwa inaisha tu. Kwa hilo nilikuwa nampa nyota mbili, hata tatu.

Lakini kile kikokotoo! Hakikukaa pale kwa bahati mbaya. Mtu aliyejua safu ile inasema nini akaifunika mbele ya mteja, kisha akataka nisaini siku hiyohiyo eti "ofa inaisha kesho", na malipo ya kwanza niyatume kwenye namba yake ya simu "ili aharakishe". Pesa ya uwekezaji inaingia akaunti ya kampuni, kwa jina la kampuni, na risiti unaondoka nayo. Hakuna njia nyingine.

Nimemwandikia WhatsApp aniambie kamisheni yake ya mwaka wa kwanza ni asilimia ngapi ya mchango wangu. Tiki mbili za bluu, kimya. Nyota moja.