Morogoro hadi Gairo kwa baiskeli: tathmini ya siku moja ya safari ya hisani

Tathmini hii ninawaandikia wanaofikiria kujiandikisha kwa siku moja tu katika safari ya hisani ya baiskeli inayoanzia Dar es Salaam na kuishia Mwanza, kwa sababu mimi mwenyewe, kabla ya kushiriki mwezi Julai, nilitafuta maelezo ya mtu aliyewahi kuipitia siku kama hiyo na sikuyapata. Kipande nilichokichagua ni cha Morogoro hadi Gairo, takriban kilomita 130. Waandaaji sitawataja kwa jina, kwa kuwa ninalo lalamiko moja zito kuhusu huduma yao, nalo nimekwisha kulifikisha kwao wenyewe.

Nianze na fedha, maana ndizo zinazowatia watu wengi wasiwasi. Fomu ya kujiandikisha inatenganisha waziwazi ada na mchango: ada inalipia maji, chakula, fundi, gari la mizigo na kitanda cha usiku, wakati mchango wote unakwenda kununua baiskeli za wanafunzi wa sekondari wanaoishi mbali na shule. Malipo hayo mawili yanapitia namba mbili tofauti za simu, na jioni, mbele ya washiriki na walimu, hesabu ya michango ya siku ilisomwa kwa sauti pamoja na idadi ya baiskeli zilizonunuliwa. Nimewahi kuchangia shughuli nyingi ambazo sikupata kujua fedha yangu iliishia wapi, hivyo utaratibu huu uliniridhisha kuliko jambo jingine lolote la siku ile.

Tulikusanyika Msamvu saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla ya mtu yeyote kuondoka, fundi alizikagua baiskeli zote, moja baada ya nyingine, akibana breki, akivuta mnyororo na kupapasa matairi kutafuta miiba. Mshiriki mmoja ambaye waya wake wa breki ya nyuma ulikuwa umeanza kukatika nyuzi alisihi aruhusiwe kuondoka na wenzake, lakini fundi alikataa mpaka alipoubadilisha, na kazi hiyo ilituchelewesha robo saa ambayo hakuna aliyeilalamikia. Kila mmoja alipewa kizibao chenye kuakisi mwanga, kisha tukagawanywa katika vikundi vya watu kumi kumi, kila kikundi na kiongozi wake mwenye filimbi.

Filimbi ile si pambo. Barabara ya Morogoro hadi Dodoma ndiyo inayobeba malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kuelekea Rwanda, Burundi na Kongo, na mahali pengine bega la barabara ni jembamba, au ukingo wa lami umemeguka kiasi kwamba anayeshuka kwa ghafla anaweza kuanguka. Kiongozi alipopuliza mara moja tulipanga mstari mmoja. Alipopuliza mara mbili tulitoka kabisa barabarani na kusimama. Karibu na Dakawa tulisimama pia kwa heshima, kwa maana ni katika eneo hilo ambapo Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alipoteza maisha katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984, akiwa safarini kutoka Dodoma kwenda Dar es Salaam. Niliona ni busara kubwa ya waandaaji kuutumia wasaa ule kurudia kanuni za usalama, kwani pale hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini zinarudiwa.

Vituo vya maji vilipangwa vizuri. Kulikuwa na ndizi, machungwa, mayai ya kuchemsha, karanga, pamoja na maji yaliyochanganywa chumvi na sukari, ambayo niliyadharau asubuhi na kuyatafuta kwa bidii mchana. Chakula cha mchana kilikuwa Dumila, mji wenye marundo ya nyanya na vitunguu kandokando ya barabara, ambao pamoja na Magole ulikumbwa na mafuriko makubwa ya Januari 2014 yaliyokata mawasiliano kati ya Morogoro na Dodoma. Wali na maharage vilikuwa vitamu na vingi, lakini ningeshauri sahani ile kubwa ihamishiwe jioni, kwa sababu mara tu baada ya Dumila mwili unadaiwa kazi ngumu kuliko yote.

Mji wa Morogoro uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Gairo iko zaidi ya mita 1,000. Tofauti hiyo haihisiki asubuhi, kwa kuwa hadi Dumila njia ni ya tambarare kwa sehemu kubwa. Mwinuko karibu wote unakusubiri mchana, jua likiwa kali. Hapo ndipo lipo lalamiko langu. Tangazo la safari linaahidi kwamba gari la nyuma litakuwa nyuma ya mwendesha baiskeli wa mwisho wakati wote. Tulikuwa wanne wa mwisho, mmoja wetu mama wa umri wa miaka sitini ambaye hakuwa na haraka wala hakuwa na udhaifu, lakini baada ya chakula gari lile lilitupita na kwenda Gairo kupeleka viti vya mapokezi. Kwa muda wa zaidi ya saa moja na nusu tulipanda mlima bila gari, bila maji ya akiba, na bila kiongozi wa kutupulizia filimbi, huku malori yakitupita karibu mno. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi chini ya mti, baada ya kuitikia shikamoo zetu, alituambia, "Wanangu, kaeni kivulini kwanza, Gairo haihami," akamtuma mjukuu wake alete ndoo ya maji. Ukarimu wake siwezi kuuhesabu kuwa sehemu ya huduma niliyoilipia. Fundi ndiye aliyegundua kwamba hatuonekani, akarudi kututafuta kwa bodaboda aliyoikodi kwa fedha zake.

Tulifika saa kumi na mbili jioni. Malazi yalikuwa safi na ya kawaida, na anayekwenda Julai abebe sweta, maana upepo wa Gairo usiku ni wa baridi kweli.

Kabla ya kulala tulishuhudia baiskeli zikikabidhiwa shuleni. Ni za gia moja, nzito, zenye keria imara inayoweza kubeba ndoo ya maji au mdogo wake mwenye baiskeli, na tandiko la kila moja lilirekebishwa mwanafunzi akiwa amesimama kando yake. Fundi aliwafundisha wanafunzi wawili, msichana na mvulana, kuziba pancha na kukaza mnyororo, akawaachia spana, pampu na viraka. Nimeona baiskeli za msaada zilizolala ghalani kwa kukosa kiraka kimoja tu, na kwa hiyo spana zile zilinigusa kuliko hotuba.

Waandaaji wamenijibu kwa barua. Wamekiri kosa, wamemrudishia fundi nauli yake, na wameeleza kwamba mwakani viti vitabebwa na gari la mizigo, wakati gari la nyuma halitapewa kazi nyingine yoyote. Yule mama na mimi tumejiandikisha kwa kipande cha Gairo hadi Dodoma, na tumewaandikia kwamba tutakuwa wa mwisho tena.