Twilight, vitabu vyote vinne: uzoefu wangu wa kuisoma ukubwani

Seti yangu ya Twilight ni ya mtumba: vitabu vinne vya Stephenie Meyer, vilivyotoka kati ya 2005 na 2008. Niliinunua wakati wenzangu walishaisahau, na filamu zake nilikuwa nimezikwepa. Nilitaka kujua jambo moja tu: asiyekufa akimpenda wa kufa, hasara inamwangukia nani?

Kwa wasioijua, Bella Swan ana miaka 17 anapohamia Forks, mji mdogo wa mvua jimboni Washington, Marekani, kuishi na baba yake Charlie, mkuu wa polisi wa hapo. Shuleni anakutana na Edward Cullen. Naye ana miaka 17, ila anayo tangu 1918, mwaka ambao mafua makali yalikuwa yanamuua huko Chicago na daktari Carlisle akamgeuza vampaya. Familia yao inakunywa damu ya wanyama. Wakipigwa na jua hawaungui, wanametameta. Watu wamelicheka sana hilo, mimi halikunisumbua.

Kitabu cha kwanza kinakwenda mbio na Kiingereza chake ni chepesi, lakini mtu mzima ataguna. Edward anaingia chumbani kwa Bella usiku kumtazama akilala, hakuulizwa wala hakukaribishwa, na sisi tunatakiwa tusisimke. Kwetu pwani angeitwa jini mahaba na shehe angekuwa ameshafika na kombe lake. Katika kitabu cha tatu, Eclipse, anachomoa kifaa kwenye injini ya gari la Bella ili asiende kumwona Jacob, rafiki yake wa kabila la Quileute. Mvue ule uzuri wa sura, unabaki na mwanamume aliyezaliwa 1901 anayempangia mwanafunzi pa kwenda.

Mbona basi niliendelea? Kwa sababu ya umri. New Moon, kitabu cha pili, kinaanza na ndoto: Bella anamwona bibi yake, kikongwe aliyekwishafariki, halafu anagundua kwamba mbele yake kuna kioo na kikongwe ni yeye mwenyewe. Anaamka siku hiyo akitimiza miaka 18. Tayari amempita mpenzi wake, na kila mwaka utaongeza pengo. Hapo mwandishi kagusa penyewe. Edward anapomwacha, zinafuata kurasa zisizo na kitu ila jina la mwezi, Oktoba hadi Januari. Usirudishe nakala yako kwa muuzaji, ndivyo ilivyochapishwa, na kwangu kurasa hizo zinaonyesha huzuni kuliko sura nzima za maelezo.

Ila nyota zangu nyingi zinakwenda kwa Rosalie. Ni dada wa Edward katika familia hiyo ya kuungana, mrembo, mkali, na vitabu viwili vizima anaonekana kama mwenye wivu tu. Katika Eclipse anakaa na Bella usiku na kumsimulia yaliyompata Rochester, New York, mwaka 1933: mchumba wake tajiri na marafiki zake walevi walimshambulia wakamwacha barabarani, na Carlisle akamwokoa kwa njia pekee aliyokuwa nayo. Baadaye alilipiza kisasi, lakini kisasi si kinachomuuma. Kinachomuuma ni rafiki yake Vera, mke wa fundi seremala, aliyekuwa na mtoto mchanga na mume wa kumbusu shavuni. Rosalie alitaka kuketi barazani akiwa na mvi, mume naye ana mvi, wajukuu wamewazunguka. Anamwambia Bella wazi kwamba anachagua vibaya. Nilisubiri Bella amjibu kwa hoja. Hakujibu, na hadithi nayo haikumjibu.

Ndiyo maana Breaking Dawn, cha nne, kiliniudhi. Bella anageuzwa, lakini kabla ya hapo anazaa mtoto, Renesmee, nusu binadamu, nusu vampaya. Kisha tunaambiwa mtoto atakua haraka na kuacha kuzeeka. Charlie naye haondoki maishani mwa Bella. Anaelezwa robo ya mambo na anaridhika. Yote aliyoyalilia Rosalie, Bella anayapata pamoja na umilele juu. Kuhusu siku Charlie atakapozeeka binti yake akiwa bado na sura ya miaka 18, mwandishi anapita kimyakimya.

Nampa nyota tatu kati ya tano. Ukitaka vita na damu, si hapa. Ukitaka kulia kidogo, soma vitatu vya mwanzo. Cha nne azima, usinunue. Midnight Sun cha 2020, kinachorudia hadithi ya kwanza kwa macho ya Edward, nimekiacha dukani, maana kwa Edward nimeshakaa vya kutosha. Kikitoka cha Rosalie, hicho nitanunua kipya.